Ukianza barua kwa "usted", usiimalizie kwa "tú"

Mhariri,

Ukurasa wa lugha wa gazeti lako umefanya jambo jema kuanza kufundisha Kihispania, na wanaojiandaa kwa ukalimani, masomo au kazi katika nchi zinazotumia lugha hiyo wanaufuata kwa makini. Lakini kuna ushauri mmoja uliotolewa humo ambao naupinga: kwamba Kihispania rasmi hupatikana kwa kung'oa maneno mafupi na kupachika marefu, "usar" iwe "utilizar", "empezar" iwe "dar comienzo a", "decir" iwe "manifestar". Msomaji wa Bogotá au Madrid hakwazwi na "usar". Kinachomfanya aiweke barua kando ni mwandishi aliyemwita "usted" mstari wa kwanza, akamwita "tú" mstari wa tatu, kisha akamwamuru kama rafiki yake mstari wa mwisho. Urasmi wa Kihispania umekaa katika nafsi ya kitenzi na katika hali ya kitenzi. Mwanafunzi wa ngazi ya juu atumie muda wake huko.

Nianze na nafsi. Kihispania kina namna tano za kusema "wewe" na "ninyi": tú, vos, usted, vosotros na ustedes. "Usted" limetokana na "vuestra merced", yaani "hisani yenu", namna ya zamani ya kumtukuza mtu. Msemaji hakumwelekea mwenyewe moja kwa moja, aliielekea hiyo "merced" yake, kwa hiyo kitenzi kilikwenda nafsi ya tatu, na mpaka leo hakijatoka huko. Ukishasema usted, umejifunga kwa mnyororo mzima. Kitenzi ni cha nafsi ya tatu (usted tiene), kiwakilishi cha yambwa ni lo, la au le, kimilikishi ni su, kirejeshi ni se, na amri huazimwa kutoka subjuntivo (tenga, venga, diga). Subjuntivo ni umbo la kitenzi linalokaribiana na lile letu la "aje, asome, waondoke", nitalirudia.

Tazama sentensi hii, ya aina inayopatikana sana katika barua za maombi: "Le escribo para pedirte que me envíe tu respuesta." Imeanza kwa heshima (le), ikashuka (pedirte), ikapanda (envíe), ikashuka tena (tu). Sahihi ni "Le escribo para pedirle que me envíe su respuesta", yaani nakuandikia kukuomba unitumie jibu lako. Mswahili hupatwa na kosa hili kwa sababu inayoeleweka: sisi heshima tunaiweka katika maamkizi, vyeo na majina ya ukoo, wakati "u-" na "-ko" hubaki zile zile kwa mzee na kwa mtoto. Kihispania huiweka heshima katika kila kiwakilishi na kila kiishio, kwa hiyo kusahau mara moja kunaonekana.

Dawa yake haihitaji kipaji. Barua ikiisha, ichapishe, upigie mstari kila neno linalomwelekea mpokeaji: vitenzi, te, le, lo, se, tu, su, contigo, con usted. Kisha yasome hayo peke yake, ukiacha mengine yote. Yakiwa ya mnyororo mmoja, barua imesimama. Katika ukaguzi huo huo iangalie "su" kwa jicho la pekee, kwa sababu inaweza kuwa yako, yake, yao au yenu. "Recibí la carta de la directora y su propuesta" haisemi pendekezo ni la nani. Pakiwa na shaka, andika "la propuesta de usted" au "la propuesta de ella", hata kama sentensi itarefuka.

Katika wingi, Amerika yote inayosema Kihispania hutumia ustedes kwa rafiki na kwa mgeni pia. Hispania hutenganisha: vosotros kwa watu wa karibu, ustedes kwa heshima, isipokuwa visiwa vya Canarias na sehemu za magharibi ya Andalucía, ambako ustedes ndiyo hutawala. Wanafunzi wengi hudhani vosotros ni ya heshima kwa kuwa ina sauti ya kale. Huko Madrid si ya heshima hata kidogo, ni ya jamaa na marafiki. Huko Lima au Meksiko haina nafasi katika mazungumzo, husikika katika ibada na katika hotuba za sherehe za mtindo wa zamani tu. Anayewaambia wajumbe wa Meksiko "os agradezco" hajawaheshimu zaidi, amewaonyesha kwamba kitabu chake kilichapwa Hispania. Kwa atakayekwenda Hispania, amri za vosotros ni hablad, comed, venid. Kikiongezwa kirejeshi "os", ile d hudondoka: sentaos, callaos. Kitenzi "ir" pekee kiliibakiza, "idos", na mwaka 2017 Real Academia Española, chombo kinachotoa kanuni za lugha hiyo, ikakubali pia "iros". Ukubalifu huo ni wa neno hilo moja. "Sentaros" kama amri husikika mitaani lakini usiiandike.

Vos ndiyo ambayo vitabu vya wanaoanza huiruka, nayo ndiyo itakayomlaki mtu siku ya kwanza akifika Buenos Aires au Montevideo. Iko pia Paragwai, sehemu kubwa ya Amerika ya Kati kuanzia Guatemala hadi Kostarika, na Kolombia upande wa Antioquia na Cali. Kuiunda ni rahisi kuliko tú. Chukua kitenzi-jina, badilisha -r kuwa -s, na mkazo uukalishe kwenye irabu ya mwisho: hablar, hablás; comer, comés; vivir, vivís. Shina halibadiliki, kwa hiyo tienes huwa tenés, puedes huwa podés, quieres huwa querés. Ser hutoa sos, ir hubaki vas. Amri ni rahisi zaidi: ondoa -r, weka alama ya mkazo. Zile amri fupi za tú zinazosumbua kukariri (di, haz, pon, sal, ten, ven) hutoweka, mahali pake panakuja decí, hacé, poné, salí, tené, vení. Kitenzi "ir" hakina amri ya vos, huazima andá kutoka "andar".

Makosa ya vos huanzia kwenye alama ya mkazo, na yanaepukika ukijua sababu. Decí ina alama kwa kuwa mkazo uko silabi ya mwisho na neno linaishia kwa irabu. Unganisha "me", mkazo sasa uko silabi ya pili kutoka mwisho, alama huondoka: decime. Ongeza "lo", mkazo umekuwa silabi ya tatu kutoka mwisho, alama hurudi: decímelo. Kosa la pili ni la viwakilishi. Vos haina yambwa wala kimilikishi chake, hutumia te na tu: "Vos sabés que te esperan en tu casa". Lakini baada ya kihusishi hubaki vos: con vos, para vos, a vos, kamwe si contigo. La tatu ni subjuntivo. Katika maandishi ya uangalifu ya Ajentina huandikwa "quiero que vengas", umbo lile lile la tú. "Vengás" ni la kawaida Amerika ya Kati. Katika makatazo, "no hablés" husikika Ajentina, ila anayeandika rasmi huchagua "no hables".

Maracaibo, Venezuela, wana vos ya namna nyingine: vos cantáis, vos tenéis, maumbo yanayolingana na yale ya vosotros, na Mhispania akiyasikia hudhani wanaambiwa watu wengi. Chile ni kinyume: kitenzi ni cha vos (cantái, tenís) lakini kiwakilishi kinachotamkwa ni tú, na hayo yote ni ya mazungumzo ya karibu. Kumwita mtu "vos" waziwazi huko kunaweza kuchukuliwa kama ukali. Ajentina, kinyume chake, vos iko katika magazeti, katika matangazo na midomoni mwa wasomi. Anayeiita lugha ya mtaani hajaijua nchi hiyo. Wala usted haimaanishi umbali kila mahali. Bogotá na Boyacá kuna mke na mume, au ndugu wa tumbo moja, wanaoitana usted maisha yao yote, na Kostarika usted huambiwa hata mtoto mchanga. Kwa barua kwa usiyemjua, hata hivyo, usted ni salama kuanzia Tijuana mpaka Patagonia, na hata Hispania.

Sasa barua yenyewe. Baada ya "Estimada señora:" huwekwa nukta pacha, si mkato, na aya inayofuata huanza mstari mpya kwa herufi kubwa. Mkato baada ya salamu ni tabia ya Kiingereza. Majina ya siku na miezi huandikwa kwa herufi ndogo (3 de marzo de 2025), na mwaka hauwekewi nukta katikati. Vyeo pia ni herufi ndogo vikiandikwa kwa ukamilifu: "la directora", "el presidente". Herufi kubwa hurudi kwenye vifupisho kama Sr. na Dra.

Mwisho wa barua una kanuni nzuri isiyofundishwa mara nyingi. Ukiaga bila kitenzi, weka mkato kabla ya sahihi: "Atentamente,". Ukiaga kwa nafsi ya kwanza, sentensi imekamilika, weka nukta: "Lo saludo muy atentamente." Ukiaga kwa nafsi ya tatu, kama "Le saluda atentamente", usiweke kitu, kwa kuwa jina linalofuata ndilo kiima cha kitenzi hicho na kiima hakitengwi na kitenzi chake kwa alama. Na hapo kwenye "lo saludo", wengine wengi huandika "le saludo". Hiyo ni "le" ya heshima kwa usted, inayokubaliwa hata na wanaokataa "le" kama yambwa mahali pengine. Nje ya hapo, Academia huikubali kwa mwanamume mmoja tu: "a Juan le vi" inapita, "a María le vi" haipiti katika lugha ya kawaida ya uangalifu. "La dije" kwa maana ya nilimwambia mwanamke, inayosikika Madrid na Castilla, haikubaliki katika maandishi.

Ombi lina ngazi. "Quiero hablar con usted" ni kavu. "Querría" ni laini, "quisiera" ni laini zaidi na ndiyo inayotumika sana. Wakati uliopita wa subjuntivo una maumbo mawili, la -ra na la -se (hablara, hablase), na mara nyingi hubadilishana bila tofauti ya maana, lakini kwa adabu hii ni -ra pekee: anayeanza ombi kwa "quisiese hablar con usted" atamshangaza msikilizaji. Ukianza na "agradecería", kinachofuata kishuke pia: "Le agradecería que me enviara el documento". "Agradecería que me envíe" husikika Amerika, ila katika barua rasmi shikilia enviara. Baada ya "rogar" waandishi wa hati huondoa "que": "Le ruego me comunique su decisión". Fanya hivyo mara moja katika barua, usifanye mara tatu. "Sírvase" hufuatwa na kitenzi-jina, "sírvase firmar", na haina haja ya "por favor" juu yake.

Katika subjuntivo Mswahili amebeba akiba ambayo walimu hawaitumii. "Nataka kuja" na "nataka aje" tunazitenganisha sawasawa na "quiero venir" na "quiero que venga": kiima kimoja, kitenzi-jina, viima viwili, subjuntivo. Hata zile kauli za kukata maneno tunazo zenye umbo lile lile. "Liwe liwalo" ni "sea lo que sea", na "waseme wasemavyo" iko karibu kabisa na "digan lo que digan". Msemaji wa jukwaani azishike hizi kwa kuwa zinapendeza sikioni na hazina ugumu wowote kwake.

Tunapojikwaa ni mahali pengine. Kwanza ni "akija", ambayo kwetu hubeba sharti na wakati pamoja. Kihispania hakikubali kuchanganya. Ukiwa na sharti, "si viene", na kishazi hicho cha sharti hakichukui subjuntivo ya wakati uliopo. "Si venga" ni kosa. Ukiwa na wakati ujao unaongojwa, "cuando venga", na hapo "cuando vendrá" ni kosa. Kabla ya kuandika, jiulize kama unasema "ikiwa" au "atakapo". Pili ni "-ngeli-" na "-ngali-". Sisi hurudia umbo moja pande zote mbili: "Ningelijua, nisingelikuja". Mwanafunzi akihamisha urudiaji huo kwa kutumia "habría", anapata "Si lo habría sabido, no habría venido", ambayo husikika kaskazini mwa Hispania, Navarra na nchi ya Basque, lakini haikubaliki katika lugha rasmi. Upande wa "si" lazima uwe hubiera au hubiese. Upande wa pili unaweza kuwa "habría" au "hubiera". Kwa hiyo "Si lo hubiera sabido, no hubiera venido" ni sahihi kabisa, na kwa sikio letu ndiyo ya kawaida zaidi: rudia -ra, usirudie -ría. Anayetaka kufupisha kwa mtindo wa juu aandike "De haberlo sabido, no habría venido".

Tatu ni "natafuta mfasiri anayejua Kiarabu". Kiswahili hakionyeshi kama mfasiri huyo yupo au anatarajiwa tu. Kihispania huonyesha: "Busco un traductor que sepa árabe" ni yeyote atakayepatikana, "Busco a un traductor que sabe árabe" ni mtu fulani ninayemjua. Ile "a" mbele ya mtu ina undugu na "-m-" yetu katika "nimemwona mwalimu", na anayekumbuka hivyo haisahau: "vi al profesor", lakini "vi la casa".

Kwa hoja za mabishano, chombo bora ni "aunque" (ingawa, hata kama). "Aunque es caro, lo compraremos" inatoa habari kwamba ni ghali. "Aunque sea caro, lo compraremos" inakubali hoja ya mpinzani bila kuipa uzito, hata pale bei inapojulikana na wote. Msemaji anayesema "aunque sea mi hermano, no lo defenderé" hana shaka na undugu wake, anauondoa tu kwenye mizani. Wakalimani hukosa hapa, wakitafsiri "hata kama ni ndugu yangu" kana kwamba msemaji hana hakika.

Kuna pia subjuntivo ya wakati ujao: hablare, comiere, fuere. Huundwa kwa kuchukua umbo la -ra na kugeuza a ya mwisho kuwa e. Imekufa katika mazungumzo, imebaki katika sheria na misemo. Kifungu cha 138 cha sheria ya jinai ya Hispania huanza "El que matare a otro será castigado", na mfasiri wa mahakama lazima aitambue asije akadhani ni kosa la chapa. Katika barua ya kuomba kazi isionekane. Vivyo hivyo ile -ra ya magazetini, "el discurso que pronunciara en 1936", yenye maana ya alikuwa ametoa: asili yake ni Kilatini na si kosa, lakini kalamu ya mgeni ikiitumia huonekana imevaa nguo za mtu mwingine. "Había pronunciado" inatosha.

Yapo makosa ambayo watu huyafanya kwa kutafuta urasmi wenyewe. La kwanza ni gerundio (umbo la kitenzi linaloishia -ndo) ya kinachofuata: "El ladrón huyó, siendo detenido horas después". Gerundio husema kinachotokea wakati mmoja na kitenzi kikuu au kabla yake. Kukamatwa kulikuja baadaye, kwa hiyo "y fue detenido horas después". La pili ni gerundio inayoeleza nomino, "una ley regulando el comercio", ambayo inapaswa kuwa "que regula". La tatu ni "el mismo" la maofisini: "leyó el contrato y la firma del mismo", badala ya "leyó el contrato y su firma". La nne ni kitenzi-jina kinachoelea hotubani, "por último, señalar que...", kisicho na mwenye kusema. Andika "por último, quiero señalar que".

Halafu "de que". "Pienso de que" ni kosa, na kwa kuliogopa wengine huangusha "de" inayohitajika na kusema "estoy seguro que". Jaribio lake ni swali: ¿qué piensas? haina "de", basi "pienso que". ¿De qué estás seguro? ina "de", basi "estoy seguro de que". Katika kusema kuna kitu, kitenzi "haber" hakina wingi: "hubo accidentes", "había muchas personas". "Hubieron accidentes" husikika sana Amerika na hata mashariki ya Hispania, lakini mhariri yeyote ataikata. Na "le" ikitangulia wingi huwa "les": "les dije a los alumnos". Kosa la "le dije a los alumnos" hupenya hata kwa wasemaji wazawa, maana sikio halilishiki.

Jukwaani mambo machache hutosha, yakishikwa vizuri. Kirai cha kitendo kilichokwisha huweka kitenzi mbele na hupatana na nomino: "Concluida la votación, la presidenta levantó la sesión". "Concluido la votación" huporomosha hotuba nzima. Baada ya "no", kinachosahihisha ni "sino" (no pedimos favores, sino justicia), na mbele ya kitenzi kilichonyambuliwa ni "sino que" (no pedimos, sino que exigimos). Katika "lo" ya kushangaa, "lo" haibadiliki lakini kivumishi hubadilika: "No saben lo importantes que son ustedes". Na mtukufu akiitwa "Su Majestad" au "Su Excelencia", kitenzi ni cha nafsi ya tatu umoja, na kivumishi cha kiarifu hufuata jinsia ya mtu mwenyewe: "Su Majestad está cansado" kwa mfalme, ingawa "majestad" ni nomino ya kike.

Kusisitiza kwa "fue" hutofautiana kwa eneo. Hispania husema "Fue en Cádiz donde se aprobó la Constitución de 1812" na "es por eso por lo que". Amerika husema "fue en Cádiz que" na "es por eso que", hata katika uandishi mzuri. Kolombia, Venezuela na Ekwado wana "lo hice fue ayer", ambayo ni ya mazungumzo. Katika wakati uliopita, sehemu kubwa ya Hispania husema "esta mañana he hablado con el director", wakati Amerika kwa jumla, Canarias na kaskazini-magharibi ya Hispania husema "hablé". Mkalimani anayesikia "hablé" asiifasiri kana kwamba ni ya zamani za mbali. "Ya se los dije" ya Amerika ina maana nimeshawaambia watu wengi jambo moja. Ile s ni ya watu, si ya jambo. Andes ya Ekwado, "dame trayendo el libro" ni ombi la adabu, niletee kitabu tafadhali. Karibi huuliza "¿qué tú quieres?" bila kuhamisha kiima.

Mtego wenye madhara zaidi ni "hasta" (mpaka) ya Meksiko, Amerika ya Kati na Kolombia. "La oficina abre hasta las diez" huko ina maana ofisi haifunguliwi mpaka saa nne asubuhi. Mhispania hutatizwa na sentensi hiyo au huelewa kwamba ofisi iko wazi mpaka saa hiyo. Mfasiri wa ratiba, mkataba au hati ya mahakama akiikuta, aulize hati imetoka nchi gani kabla hajaandika neno.

Kwa sababu hizo naomba ukurasa wako uanze kutia alama mbili chini ya kila sentensi ya Kihispania inayochapishwa: nchi au eneo inakotumika, na anayeambiwa ni tú, vos, usted, vosotros au ustedes. Sentensi isiyojulikana eneo lake isichapishwe kama mfano wa kuigwa. Na yale mazoezi ya barua yaliyotolewa na ukurasa huo, ambamo "Estimado señor," imefuatwa na mkato na mwisho ukaagwa kwa "te saludo", yachapishwe upya yakiwa yamesahihishwa, maana kuna wasomaji wanaoyakata na kuyahifadhi.

Mwalimu wa Kihispania na mfasiri wa hati rasmi